Asante ya Kufunga Jeraha

"Nisomee tena," alisema Msusi. "Neno kwa neno, kama ulivyoiandika."

Sista alifuta vidole, akaichukua simu iliyokuwa kando ya sahani yake, akasoma:

"'Nimemaliza. Asante kwa yote. Umenivumilia vya kutosha, Mungu akulipe.'"

Kaka yake aliacha kutafuna. Mama yao, aliyekuwa akipakua, alibaki na upawa hewani.

"Na hiyo umemtumia Lifti?" Msusi aliendelea.

"Jana alasiri, nilipotoka tu kwenye mtihani."

"Akajibu nini?"

"Hajajibu. Labda alikuwa shimoni. Chini ya lifti hakuna mtandao."

"Tangu jana yuko shimoni?" Msusi aliuliza. "Huyo ni fundi au ni maiti? Rafiki yangu, umemwacha mtu kwa meseji."

"Nimemwacha vipi? Nimemshukuru!"

"Kuna tofauti gani? Mimi nimeachwa mara mbili, na maneno yalikuwa hayo hayo. Tena wa pili hakumtaja hata Mungu."

Kaka alicheka, akaona hakuna aliyemfuata, akainamia sahani yake.

"Nimemaliza mtihani," Sista alisema. "Nimefaulu, kesho naanza kazi, ndiyo maana tumekaa hapa tunakula. Na yeye anajua."

"Yeye anajua mtihani ni Jumatatu ijayo," mama alisema polepole. "Walipouwahisha, mimi uliniambia. Kaka yako ulimwambia. Huyu Msusi ulimpigia tukiwa tumelala. Lifti ulimwambia?"

Sista aliitazama simu tena. Kiti alichowekewa Lifti kilikuwa bado kimesukumwa chini ya meza.

Watu walimwita Sista tangu siku alipovaa sare nyeupe, na jina halikuvuliwa pamoja na sare. Alikuwa muuguzi wa chumba cha upasuaji, yule anayesimama kulia kwa daktari na kumpa chombo kabla hajakiomba. Kisha mikono yake ikaanza kukataa kazi. Sabuni ya kunawia na glavu vilimchubua hadi ngozi ikapasuka katikati ya vidole, na daktari wa ngozi akamwambia bila kupamba: achague kazi au achague mikono. Alichagua kazi. Hospitali ilipoona damu kwenye vitambaa vya kufutia, ikamchagulia mikono.

Kaka yake, mchomeleaji vyuma kwenye majengo, ndiye aliyeleta wazo la kusomea kuendesha winchi, mitambo mirefu ya kunyanyulia mizigo. "Kule juu wanataka mtu asiyetetemeka na asiye na maneno mengi," alisema. "Wewe umezaliwa hivyo." Mama yake alimpaka mafuta mikononi kila jioni, kidole kwa kidole, kama anayesafisha vikombe vya wageni. Msusi alimsuka bila malipo na kumsikiliza bila kuchoka, au angalau bila kuonyesha. Lifti, fundi wa lifti aliyempenda tangu alipokuja kutengeneza ile ya wagonjwa hospitalini, alikuja baada ya kazi akasimama uani, akinyoosha mikono kwa ishara za jengoni: shusha, pandisha, zungusha, simama. Sista aliketi juu ya ndoo iliyofudikizwa, miiko miwili mikononi badala ya vishikio vya winchi, akitii. Watoto wa jirani walipanda ukutani kutazama.

Katika msimu huo wote hakuna aliyesikia asante.

Haikuwa jeuri. Daktari mkuu wa upasuaji alikuwa na mwiko wake: ndani ya chumba kile hakuna kushukuriana mpaka jeraha lishonwe. Ukipewa mkasi, unaupokea na kuendelea. Yeye mwenyewe alisema neno hilo mara moja tu, uzi wa mwisho ukishakatwa: "Asanteni." Hapo taa kubwa ilizimwa, glavu zikavuliwa, kila mtu akaenda zake. Sista aliishi na mwiko huo hadi ukahamia nyumbani. Kaka yake alizoea kumwambia, "Shukrani ya punda ni mateke, lakini wewe hata teke hutoi." Naye Lifti, siku za mwanzo kabisa, alipompa Sista maji ya kunywa naye akayapokea kimya, aliuliza, "Kwenu hamsemi asante?"

"Asante husemwa kazi ikiisha," alimjibu. "Siku nikikuambia asante, jua tumemaliza."

"Basi usiniambie kamwe," alisema Lifti, wakacheka.

Sasa hakuna aliyecheka. Sista alimpigia Lifti simu. Namba haikupatikana. Alipiga tena. Mwishowe alipiga kwenye kampuni ya lifti.

"Namtafuta fundi wenu," alisema, akamtaja.

"Yuko kwenye jengo la bima, anamalizia lifti ya mbele," alijibu dada wa mapokezi. "Ila kama ni kazi mpya, omba fundi mwingine. Huyu jioni tunamuaga."

"Mnamuaga? Anakwenda wapi?"

"Nje ya nchi. Bosi alimbembeleza mwaka mzima aende akasimamie mradi, anakataa. Jana usiku akapiga mwenyewe, akakubali. Kwani wewe ni nani?"

"Mimi... ni wake."

"Wake wangapi hao, dada?"

Sista alikata simu.

"Vaa viatu," kaka alisema, akichukua ufunguo wa pikapu. "Maji yakimwagika hayazoleki, lakini haya bado yako mdomoni mwa kata."

Njiani kaka hakuongea. Kwa kawaida yeye hata kwenye msiba huongea.

"Mbona kimya?"

"Naendesha."

"Siku zote unaendesha na mdomo wazi."

"Leo kuna magari mengi," alisema, na barabara ilikuwa nyeupe.

Kwenye ukumbi wa jengo la bima, mlango wa lifti ulikuwa wazi na mbele yake kumewekwa kizuizi cha njano. Lifti alikuwa amepiga magoti ndani, kibao cha vitufe kimefunguliwa na nyaya zimening'inia. Aliviona viatu kwanza, kisha akainua uso.

"Umepitaje? Kuna kizuizi."

"Nimekiruka."

"Hongera," alisema.

"Ya nini?"

"Sijui. Mtu akimaliza hupewa hongera."

"Nilimaliza mtihani, Lifti. Waliuwahisha, nikasahau kukuambia. Nimefaulu. Nilikuwa nakushukuru, basi. Nakushukuru kama watu wengine wanavyoshukuru."

Bisibisi ilishuka mkononi mwa Lifti. Sista alikuwa amefanya kazi miaka mingi na watu waliofunikwa nyuso, akajua kusoma macho peke yake. Aliiona furaha ikifika kwanza, furaha ya kweli isiyo na unafiki. Kisha kikaja kitu kingine juu yake, na hicho hakikuondoka.

"Inapanda?" Mzee mmoja mwenye mkoba wa ngozi alikuwa amesimama nyuma ya kizuizi.

"Bado, mzee. Ngazi ziko kushoto."

"Magoti yangu hayaelewani na ngazi."

"Basi keti hapo kidogo."

Mzee aliketi kwenye benchi, karibu kiasi cha kusikia kila neno, akafungua gazeti ambalo hakulisoma.

"Kwa hiyo hukuniacha," Lifti alisema.

"Sikukuacha. Mpigie bosi wako, mwambie huendi."

"Nani kakuambia naenda?"

"Dada wa ofisini kwenu. Mkataba umesaini?"

"Jioni hii ndiyo ninasaini."

"Basi hakuna kilichoharibika. Piga."

Lifti alitoa simu mfukoni, akaiwasha. Akalitafuta jina la bosi. Kidole gumba kilikaa juu yake bila kugusa. Kioo kikafifia, kikazima. Hakukiwasha tena.

"Sista, wewe unapenda ukweli hata ukiwa mchungu kama dawa ya minyoo. Nikuambie?"

"Niambie."

"Niliposoma meseji yako nililia. Nilikaa kwenye ngazi za ghorofa ya nne nikalia, mfagiaji akaniletea maji. Halafu nikampigia bosi, nikaenda nyumbani, nikalala. Nililala mpaka jua likanikuta kitandani. Nilipoamka nilijipapasa kama mtu aliyeanguka, natafuta panapouma." Aliiweka bisibisi sakafuni. "Nikakuta nafuu."

"Nafuu," Sista alirudia.

Alilijua neno hilo. Wagonjwa hulisema wakishatolewa kitu mwilini, na hakuwahi kumsikia hata mmoja akalisema huku anaomba kitu hicho kirudishwe.

"Nilikuumiza wapi?"

"Hukuniumiza. Ulikuwa unazama. Mtu anayezama hashiki kwa adabu."

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesema lini? Ulipokuwa unalia juu ya mikono yako? Ulipomrushia mama yako sufuria? Mtu hamwachi mtu aliyepoteza kazi. Nilijiambia, ngoja asimame kwanza."

"Kwa hiyo ulikuwa unasubiri nisimame ili uondoke."

"Nilikuwa nasubiri usimame. Hilo la pili sikulijua mpaka leo asubuhi."

Benchi lilitoa mlio. Mzee alikuwa ameinama mbele.

"Haitoshi," Sista alisema. Sauti yake ilikuwa tulivu, ile ya kuhesabu vitambaa kabla ya tumbo kufungwa. "Kuchoka kila mtu huchoka. Nipe jambo moja, nilijue, nilirekebishe."

"Ninaishi wapi?"

"Nyuma ya kiwanda cha sabuni. Chumba chenye mlango wa buluu."

"Nilihama kabla ya mvua."

Sista alimtazama.

"Mwenye nyumba aliuza. Kaka yako alinibebea kitanda kwa pikapu yake. Msusi alinichagulia pazia, eti langu lilikuwa na rangi ya wodi. Mama yako alinipa sufuria mbili, ile yenye kibonyeo ni ya kwako. Wote wamefika. Wewe nilikuambia mara mbili. Ya kwanza ulisema 'enhee.' Ya pili ulinishika mkono, nikadhani umesikia, ukaniuliza: mzigo ukizidi, mkono wa winchi unarefushwa au unafupishwa?"

"Unafupishwa," alisema Sista, kabla hajajizuia.

Lifti alitabasamu. Tabasamu lile ndilo lililommaliza, kwa sababu halikuwa na kinyongo hata chembe. Mtu mwenye kinyongo bado ana dai, na mwenye dai atarudi kulidai.

"Naweza kujifunza unapoishi," alisema Sista.

"Najua. Wewe unaweza kujifunza chochote."

"Lakini?"

"Lakini mimi nimechoka kukusahihishia madaftari."

"Ningekuambia mapema kuhusu mtihani, ungeenda?"

Lifti alifikiri. Alimheshimu kiasi cha kufikiri. "Ningekuja kula leo. Ningefurahi nanyi. Ningebaki mwaka mwingine, labda miwili. Ningekuwa mume anayeangalia dirishani."

"Inapanda sasa?" mzee aliuliza.

Wote wawili walicheka, kicheko kifupi kilichowatoka kwa pamoja, cha watu waliopendana na ambao miili yao bado haijapata habari ya kuachana.

"Sasa hivi, mzee."

Alirudisha nyaya mahali pake, akafunga kibao, akakaza skrubu moja baada ya nyingine. Sista alimshikia bisibisi ndogo na kumpa kabla hajaiomba. Alipoipokea hakusema kitu. Mwiko wa chumba cha upasuaji Lifti alikuwa ameushika kuliko Sista alivyodhani.

Skrubu ya mwisho ilipokaza, Sista alisema, "Asante."

"Ya aina gani?"

"Ile uliyoielewa."

Lifti aliinamisha kichwa. Aliondoa kizuizi, mzee akaingia na mkoba wake, akamtazama Sista kwa haya kama aliyekutwa anachungulia bafuni.

"Pole, binti," alisema.

"Nimeshapoa, mzee."

Lifti akabaki ndani na mzee, milango ikafungana. Namba juu ya mlango zikaanza kupanda.

Pikapu ilikuwa imeegeshwa ng'ambo. Kaka alimwona anavyotembea, akawasha gari bila kuuliza. Walipokaribia nyumbani ndipo Sista aliposema, "Kitanda chake ulikifunga kwa kamba au kwa mipira?"

Kaka alishika usukani kwa mikono yote miwili. "Kamba."

Ndani, chakula kilikuwa kimefunikwa, sahani zimeoshwa, kiti kile kimeondolewa mezani. Mama alikuwa ameketi na kopo la mafuta mapajani. Msusi alisimama mlangoni mwa jikoni.

"Mlijua amehama," Sista alisema.

"Tulijua," mama alijibu.

"Na mlijua sijui."

"Tulijua pia."

"Tulikubaliana tusikuchanganye," kaka alisema. "Ulikuwa umejaa mpaka hapa. Ukiongezewa hata kijiko ulikuwa unamwagika."

"Mimi nilitaka kukuambia," alisema Msusi, machozi yakimshuka. "Nikajisemea akifaulu nitamwambia, tutacheka. Nilikuwa nimeshatunga na utani wenyewe."

"Mlinikinga na jua mpaka sikuona kumekucha."

"Ndiyo," mama alisema. Hakuongeza udhuru.

Sista aliketi. Alitaka kukasirika, akatafuta pa kuanzia asipaone. Yale yaliyomvusha na yale yaliyompotezea Lifti yalikuwa yametoka chungu kimoja, yamepikwa na mikono hiyo hiyo, na hakuna namna ya kurudisha nusu. Kosa la kutosikia lilikuwa lake. La kuzibwa masikio kwa upendo lilikuwa lao, na hata hilo alilinunua mwenyewe kwa kelele zake. Hesabu ilikaa sawa. Haikumfariji.

"Amesema nafuu," aliwaambia. "Nilipomwacha amepata nafuu."

Sista aliwatazama mmoja mmoja.

"Na nyinyi? Mmenichoka?"

"Sana," kaka alisema.

"Mno," mama alisema.

"Mimi nilikuchoka hata kabla hujafukuzwa," alisema Msusi, akipenga kamasi.

"Mbona hamjaondoka?"

Mama yake alimtazama kama aliyeulizwa jambo la kipumbavu. "Tuondoke twende wapi? Hapa ni kwangu."

Sista aliangua kicheko, kikageuka katikati ya njia kikawa kilio, na kilio hakikuwa na mwisho unaoonekana. Hakuna aliyemwambia anyamaze. Mama alivuta kiti, akafungua kopo, akaushika mkono wa kulia, akaanza na kidole gumba.

Sista aliiangalia ile mikono mikavu ikizunguka juu ya yake. Shukrani ilimjaa kooni, akaiogopa. Neno lenyewe lilikuwa limemtoka mara mbili, jana na leo, na mara zote mbili mtu alikuwa ameondoka. Alilimeza. Akanyoosha mkono wa pili mwenyewe bila kuombwa, kitu ambacho hakuwahi kufanya, na mama akaupokea.

"Anasafiri lini?" kaka aliuliza baadaye.

"Sikumuuliza."

"Ukitaka nitajua."

"Sitaki."

"Kesho unatakiwa jengoni alfajiri," Msusi alisema. "Nitalala hapa nikuamshe. Nikikuacha utazidiwa na usingizi."

"Wewe umuamshe?" kaka alisema. "Wewe ukilala hata mwizi anakufunika shuka. Nitamuamsha mimi."

"Nimemuamsha mtoto huyu tangu chekechea," mama alisema. "Kila mtu alale zake."

Walibishana hilo kwa bidii, kama watu waliokabidhiwa hatimaye kazi ndogo wanayoiweza. Sista aliwaacha wakibishana, akaenda kulala akiwa na mikono inayoteleza.

Hakulala. Alijaribu kumweka Lifti katika chumba kipya, akashindwa. Hakujua dirisha liko upande gani, wala pazia ni la rangi gani, wala kitanda kinatazama wapi. Hata kumkumbuka vizuri kulikuwa kumemshinda, na hilo halikuwa na mtu wa kumfundisha. Kesho angepanda juu kuliko paa zote za mji, avione vyumba vyote, asijue kipi ni kipi.

Giza lilipoanza kupauka, simu tatu zililia kwa pamoja: moja chumbani kwa kaka, moja sebuleni alikolala Msusi, moja kwa mama. Kulisikika kitu kikianguka, Msusi akilalamika, kaka akimnyamazisha kwa sauti kubwa kuliko ya Msusi. Kisha kandambili za mama zikaanza kuja taratibu ukumbini.

Sista alikuwa macho makavu, ameshakaa kitandani. Aliposikia hatua zikikaribia mlango, alijilaza, akajivutia shuka hadi shingoni, akafumba macho, ili mama apate wa kumwamsha.